Waliovua usiku ziwa limefungwa, na wivu wetu sisi tuliobaki nchi kavu

Haya ni yale niliyoongea na vijana Jumapili mchana hapa Kigoma, wengi wao watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, Kibirizi na Katonga, na wale wa boda wa Mwanga na Gungu. Wameniomba niyaandike ndo nimeyaandika, nimeyaacha kama nilivyoyasema, kwa hiyo msitafute kiswahili cha mtihani humu.

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena, maana kule nyuma naona bado mnasalimiana.

Mimi sio mchungaji, mimi nauza dagaa, na nusu yenu hapa mnanijua kwa kugombana bei alfajiri, kwa hiyo leo sitapaza sauti. Nimeambiwa niongelee wivu. Ule wa jirani kanunua friji mi sitaugusa, huo kila mhubiri keshausema na bado tunao. Nataka ule mwingine ambao huwa hatuukiri hata kwenye maombi, wa kumwonea wivu mtu aliyefanya kosa kabisa, unajua kafanya, yeye anajua unajua, na hajafanywa kitu.

Mwaka 2024 tulifungiwa ziwa, si mnakumbuka, 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu. Ziwa Tanganyika tunalo nchi nne, sisi na Burundi na Kongo na Zambia, na lengo lilikuwa samaki wapumzike wazaliane, maana hakuna mvuvi humu ndani atakayebisha kwamba dagaa wa saivi sio wa enzi za baba zetu, unakesha usiku mzima giza totoro unarudi na ndoo za kuhesabu. Sawa. Wengi mkatii. Nyavu zikakaa, taa za kuvutia dagaa zikawekwa uvunguni, mtu aliyezoea kulala mchana akaanza kulala usiku na usingizi haumjui, anazunguka tu nyumbani mpaka mke anachoka kumwona. Wengine mkaenda kulima, wengine mkashika boda za watu, dukani mkakopa unga mpaka mwenye duka akaficha daftari.

Afu usiku unasikia injini.

Inaunguruma mbali huko, taa wamezima mpaka wafike wanapofika. Asubuhi dagaa wapo, wanauzwa kichochoroni kwenye ndoo zimefunikwa khanga, na bei wanapanga wanavyotaka kwa sababu hamna mwingine mwenye nao. Agosti ziwa linafunguliwa, wewe uliyetii unaingia majini na deni la unga, yule wa usiku anaingia na injini mpya. Hajakamatwa, hata faini hajalipa. Na anakupita pale mwaloni anakusalimia vizuri tu, vipi mkubwa, mmeamkaje.

Sasa niambieni, moyoni ulisikia nini? Msiniambie hasira. Hasira ilikuwepo ndio, na ilikuwa halali, maana yule hakukuibia wewe tu, aliiba samaki wa mwaka unaofuata. Lakini chini ya hasira kuna kitu kingine kimejificha na ndicho nimekuja nacho leo. Nawapa kipimo. Ungepewa uchague, ama yule jamaa akamatwe, ama na wewe upewe wiki moja ya kuvua usiku na hakuna atakayekuona, ungechagua nini? Usinijibu. Mwenye uchungu wa haki hafikirii hapo, anajibu. Mwenye wivu anaanza kupiga hesabu ya ndoo.

(Hapo walicheka, ila sio wote.)

Kuna mtu kwenye Biblia aliyapitia haya akaandika, na wala hakuwa mtu wa mitaani. Anaitwa Asafu. Ukisoma Mambo ya Nyakati ya Kwanza sura ya 16, Daudi alipoweka Walawi wa kuimba mbele ya sanduku la agano, Asafu ndo alikuwa mkuu wao na yeye ndiye wa kupiga matoazi. Yaani kwa lugha yetu huyu ni mwalimu wa kwaya. Zaburi 12 zina jina lake, ya 50 na kuanzia ya 73 mpaka 83. Wanakwaya nawaona mnanyoosha shingo, ngojeni.

Zaburi ya 73 Asafu anaanza vizuri kama mwalimu wa kwaya anavyotakiwa kuanza, hakika Mungu ni mwema kwa Israeli. Mstari wa pili tu anageuka, anasema miguu yake ilibaki kidogo iteleze. Kwa nini? "Maana naliwaonea wivu wenye kujivuna, nilipoiona hali ya amani ya wasio haki." Hakusema aliwachukia. Angeweza kusema hivyo, ingesomeka vizuri na ingemlindia heshima, lakini kasema wivu. Afu anaanza kuwaelezea, na ukisoma unaona kabisa huyu mtu alikuwa anawaangalia kwa muda mrefu, anajua afya zao, anajua wamenenepa mpaka macho yametokeza, anajua wanavaa nini shingoni, anajua wanavyoongea kwa majivuno. Hayo ni macho ya mtu anayepitia stetasi ya mwenzake kila siku asubuhi, anailaani na anairudia. Bando lako mwenyewe unalimaliza kumwangalia mtu unayesema humtaki!

Na mwisho wa safari hiyo ni mstari wa 13, "Hakika nimejisafisha moyo wangu bure". Hilo neno bure, hapo ndo wivu ulikuwa unampeleka toka mwanzo. Maana ukimwonea mtu wivu umeshakubaliana nae. Nielewe hapa. Mnatofautiana kwenye njia tu, lakini kuhusu kitu kizuri ni kipi mmeshakubaliana, wote mnaamini kizuri ni kile alichonacho yeye, tofauti yeye amekichukua na wewe umeogopa. Kwa hiyo unaanza kujiona mtiifu kumbe ni mwoga. Na hapo shetani hana kazi kubwa, anasubiri tu siku woga uishe.

Niwaambie wivu huu unavyofanya kazi kwenye biashara yangu maana za mtumbwini mtazisema wenyewe. Sado mnaijua, lile kopo la kupimia dagaa. Ikiwa mpya kitako kimenyooka. Sasa zunguka sokoni taratibu, usinunue, angalia vitako. Utakuta vingine vimegongwa nyundo kwa chini vikaingia ndani, kwa juu huoni kitu, dagaa wamefunika, ila kila sado mteja anapunjwa viganja viwili vitatu. Na ukichota chini unakutana na wale walioanikwa mchangani wakazolewa bila kupepetwa, au hawajakauka sawasawa ili wawe wazito, juu ndo wamepangwa wale wa kichanjani, walioanikwa juu ya chanja bila kugusa mchanga, wanang'aa kama fedha. Mteja wa Tabora anafunga gunia lake, anapanda treni, akija kushtuka yupo Kaliua.

Sasa kinachouma ni hiki. Mwenye sado ya kugongwa anaweza kushusha bei. Faida yake ipo kitakoni, kwa hiyo anashusha kidogo, anachangamka, anaitwa mama mwenye roho nzuri. Wewe wa pembeni mwenye sado iliyonyooka huwezi kushusha, unaonekana ndo mwenye roho mbaya, wateja wanakukwepa. Jioni yeye kamaliza, wewe unafunika na turubai. Siku ya kwanza unasema Mungu anaona. Wiki ya pili unaacha kusema. Mwezi wa tatu unaangalia sado yako unaangalia nyundo.

Amosi aliwakuta watu wa hivi zaidi ya miaka 2,700 iliyopita, sura ya 8 mstari wa 5, wanapunguza efa na kuongeza shekeli, efa ni kipimo cha nafaka na shekeli ni jiwe la kupimia fedha, yaani ukiuza unatoa kidogo na ukilipwa unapokea kingi. Na kinachonichekesha na kuniogopesha ni kwamba watu hao ibadani walikuwepo, wamekaa tu wanauliza sabato inaisha saa ngapi wakafungue magunia.

Tuje kwenye dawa, maana hapa ndo tunapewaga dawa mbovu. Ukienda kumlilia mtu wa kanisani atakuambia usijali, subiri, huyo mwisho wake utauona. Na wewe unaanza kusubiri. Unasubiri injini yake izame. Unasubiri aumwe, na mtoto wake akifeli darasa la saba unasema moyoni si mmeona. Jamani hiyo sio imani. Ni wivu ule ule umebadilisha nguo. Mithali 24:17 inasema usifurahi adui yako aangukapo. Na tena mara nyingi hazami! Tuseme ukweli. Wapo waliokula vya watu wakazeeka vizuri, wakazikwa na viongozi na mahema na chakula kikabaki. Ayubu kaliona hilo sura ya 21, anauliza mbona waovu wanaishi wanazeeka na kuzidi nguvu. Yeremia sura ya 12 anamuuliza Mungu uso kwa uso, mbona njia ya wabaya inasitawi. Kwa hiyo anayekuambia kila mwizi atakamatwa mbele ya macho yako, huyo anajua mambo ambayo Ayubu na Yeremia hawakuyajua.

Asafu mwenyewe kapata dawa wapi? Anasema mpaka alipoingia patakatifu pa Mungu akautafakari mwisho wao. Ndio, kuna hukumu, na mi naiamini kabisa, mtu anayedhani kamalizana na askari hajamalizana na Mungu. Ila wengi tukifika mstari huo wa 17 tunafunga Biblia tunasema amina, tumeridhika, wataangamia. Endelea kusoma. Akitoka kwao anajigeukia mwenyewe, anasema alikuwa mjinga, alikuwa kama mnyama mbele za Mungu. Afu mstari wa 23, "Walakini mimi ni pamoja nawe daima, umenishika mkono wa kuume." Muda wote ule alipokuwa anahesabu minofu ya wenzake mkono wake ulikuwa umeshikwa. Na wa 25, wala duniani sina cha kupendeza ila Wewe. Hali yake haijabadilika hata kidogo, hakuna mahali zaburi inasema alipata hela, na wale matajiri siku hiyo bado walikuwa wamenenepa vile vile. Kilichobadilika ni yale makubaliano. Hakubaliani nao tena kwamba kizuri ni kile.

Sijui kama mnaona ukubwa wake. Ukitulizwa kwa kuahidiwa adui yako ataanguka, bado macho yako yapo kwake. Ukitulizwa kwa kuwa Mungu ni wako, unaweza hata kusahau jina la injini yake.

Kitu kingine, na hapa wazee wangu wa kanisa mnisamehe. Wivu huu hauoti majumbani tu, tunaupanda hapa hapa kanisani. Jamaa wa usiku anakuja Jumapili, ana bahasha nzuri, tunamwita mbele, tunampa kiti cha mbele na maji ya chupa, tunasema Mungu amemtendea ndugu yetu. Kijana aliyetii yupo benchi la mwisho na deni lake la unga, anasikia. Anajifunza nini? Yakobo sura ya 2 imetaja mpaka pete ya dhahabu, kwamba akiingia mwenye pete na mavazi mazuri mnamwambia keti hapa mahali pazuri, maskini mnamwambia simama pale. Tukishafanya hivyo tusishangae vijana wakitafuta pete. Mi sisemi tumfukuze mtu, kanisa ni la wenye dhambi ndo maana mimi nimo. Nasema tusimpe ushuhuda asioutoa yeye. Muulize kwanza injini imetoka wapi.

Maana na sisi, haya tusogee karibu, na sisi ni watu ambao hatukukamatwa. Zaburi ya 130 inasema Bwana kama angehesabu maovu nani angesimama. Mle kwenye Luka 15 mwana mpotevu karudi, kaka yake mkubwa kagoma kuingia ndani, analalamika, mimi hujanipa hata mwana-mbuzi, huyu kala mali yako na makahaba umemchinjia ndama. Msikilize vizuri kaka mkubwa. Alikuwa anapigia hesabu mbuzi miaka yote ile, na zile starehe za mdogo wake kumbe alikuwa anaziona ni faida. Hajawahi kufikiria kwamba mdogo wake kule alitamani chakula cha nguruwe. Baba anamwambia mwanangu wewe u pamoja nami siku zote, na vyote nilivyo navyo ni vyako. Ni jibu lile lile la Asafu.

Na Zakayo je. Mkubwa wa watoza ushuru Yeriko, tajiri, kakusanya miaka na hakuna wa kumgusa. Yesu anaingia kwake, watu wote wananung'unika, na ni lazima kati ya wale kulikuwa na aliowapunja. Zakayo anasimama, nusu ya mali kwa maskini, na niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne. Mara nne! Mahakama gani ya hapa ingewarudishia vile. Kama ulikuwa unataka haki siku hiyo ulipaswa kushangilia kuliko wote. Kama ulikuwa unataka tu aumie, siku hiyo ulikasirika.

Basi nilipofika hapo nikafungua maswali, na maswali yalikuwa mazuri kuliko hotuba.

Kijana mmoja wa boda kauliza, mama, kwa hiyo tukae kimya, maana Zaburi 37 inasema usikasirike kwa sababu ya watenda mabaya. Nikamwambia hapana, haijasema usiseme. Mfalme Ahabu alipochukua shamba la Nabothi baada ya Nabothi kuuawa kwa mashahidi wa uongo, Mungu hakumwambia Eliya aimbe zaburi, alimwambia ashuke akamkute mle mle shambani. Ukijua kokoro, ule wavu wa kukokota, linapitishwa sehemu ya mazalia toa taarifa BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, toa ofisi ya uvuvi. Tena asiye na wivu ndo anatoa taarifa vizuri, anasema alichoona na anaishia hapo, haongezi chumvi ya Uvinza.

Mwingine kauliza, na kama anayetakiwa kukamata ndo anakula nae? Hilo lilishangiliwa. Nikasema usiende peke yako, nendeni watatu wanne, semeni kwenye mkutano wa mtaa watu wakisikia, na mkisema msitaje msichokiona kwa macho. Inawezekana bado isisaidie. Sina namna ya kulipamba hilo. Utakuwa umefanya kazi ya Eliya na Ahabu bado yuko ikulu, na jioni utarudi kula ugali wako.

Binti mmoja kauliza akikamatwa ni dhambi kufurahi? Furahi kwa ajili ya ziwa, nikamwambia, ila wiki hiyo hiyo pitia kwa mkewe uone kama watoto wamekula.

La mwisho ndo lilinigusa. Mvuvi mtu mzima kasimama kasema, mama, haya yote sawa, ila wakifunga tena na mimi nina watoto watano, hiyo zaburi siwezi kuichemsha. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Na ana haki. Nikamwambia ukweli kwamba tulimwacha mwenyewe, kanisa zima lilijua tarehe za kufunga na kufungua na hakuna aliyeandaa hata debe la unga, tulimtaka atii halafu tukaenda kumpigia makofi mwenye bahasha. Kwa hiyo wazee walikuwepo pale na nikasema mbele yao: tunaanza kikoba cha watu wa mwaloni, kila mtu anaweka kidogo zile siku za giza dagaa wakiwepo, siku za mbalamwezi hamna kuchangishana maana hamna anayevua, na hela hazitolewi mpaka ziwa lifungwe. Dagaa nao tukaushe kichanjani vizuri tuweke gunia kadhaa stoo, mi natoa la kwanza. Mzee mmoja akauliza nani atashika hela, kabla sijajibu akina mama wakaanza kutajana majina, ikawa kelele. Wameshachaguliwa watatu, hakuna hata mmoja ambaye ni ndugu wa mwenzake. Daftari liko ofisini kanisani, anayetaka aje na jina lake, mwalo wake na idadi ya watu wa nyumbani kwake, na hata kama sio wa kanisa letu aje.